Kununua Huduma ya Bei ya Chini Mtandaoni Bila Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Miaka michache iliyopita mwenye duka moja la magodoro aliniletea kurasa nne za maelezo ya bidhaa zake, zilizokwisha kutafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, akaniomba nizipitie tu kwa macho kwa kuwa kazi yenyewe, kwa maneno yake, ilikuwa imekwisha. Sentensi ya tatu ya ukurasa wa kwanza ilieleza kwamba godoro hilo lina chemchemi 800 zinazojitegemea, na kwamba chemchemi hizo hazipigi kelele mtu anapojigeuza usiku. Mtafsiri alikutana na neno la Kiingereza “spring”, ambalo laweza kuwa chemchemi ya maji, majira ya kuchipua au ule waya wa chuma uliosokotwa ambao mafundi wetu huuita springi, akachukua maana ya kwanza iliyojitokeza akaenda zake. Kazi hiyo ilinunuliwa kwa dola 5 katika soko la huduma mtandaoni, kwa muuzaji mwenye nyota tano takriban kamili. Nilijaribu kuisahihisha kwa saa nzima, kisha nikaiweka kando nikatafsiri upya tangu mwanzo.

Sisimulii kisa hiki ili niseme kwamba cha bei ya chini ni kibaya. Nimewahi kulipa dola 15 kwa kazi ya kupanga kurasa za kijitabu ikaja safi kuliko nyingine niliyoilipia dola 120, na mimi mwenyewe, nilipoanza kuuza huduma zangu mtandaoni, niliuza kwa bei ambayo leo naona haya kuitaja. Bei ya chini haimwambii mnunuzi ubora wa mtu. Humwambia ni muda gani mtu huyo anaweza kuutoa kwa kazi hiyo. Anayejua kuupigia hesabu muda huo hapotezi fedha kirahisi, hata akinunua kwa dola 10. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa mnunuzi wa kipato cha kawaida, awe mwenye duka, mhariri wa jarida dogo au msimamizi wa shirika lisilo na fungu kubwa la fedha, ingawa muuzaji naye atajiona humo.

Geuza bei kuwa dakika

Fiverr, soko la huduma mtandaoni lililoanzishwa nchini Israel mwaka 2010, lilipata jina lake kutokana na dola 5, ambayo ndiyo iliyokuwa bei ya kila huduma, na katika kila dola 5 muuzaji alibaki na dola 4. Siku hizi muuzaji hujipangia bei mwenyewe, lakini makato ya asilimia 20 yako palepale, na mnunuzi naye huongezewa ada ya huduma juu ya bei aliyoiona. Upwork, soko jingine la namna hiyo, lililotokana na kuungana kwa masoko ya Elance na oDesk na kupewa jina hilo mwaka 2015, lilikuwa likikata asilimia 20, kisha 10, kisha 5, kadiri malipo ya mteja mmoja yalivyoongezeka; mwaka 2023 ngazi hizo zikafutwa ikawekwa asilimia 10, na kuanzia 2025 mikataba mipya hukatwa kiasi kinachobadilika kati ya asilimia 0 na 15. Huko muuzaji hununua pia tiketi za kuombea kazi, ziitwazo Connects, kwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja huweza kula tiketi kadhaa, apate kazi au akose.

Kabla hujavutiwa na bei yoyote, basi, ondoa makato hayo, kisha jiulize kinachobaki kinanunua dakika ngapi za mtu mwenye ujuzi. Kurasa zile za magodoro zilikuwa na maneno 1,200 hivi. Mtafsiri makini anayefanya kazi kutwa hutoa maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, yaani takriban 300 kwa saa, kwa hiyo maneno 1,200 ni saa nne. Dola 4 kwa saa nne ni dola moja kwa saa, kabla ya gharama ya kuzihamisha fedha hizo hadi benki au kwenye simu, ilhali Upwork hairuhusu mtu hata kujiwekea bei ya saa iliyo chini ya dola 3. Hakuna mtafsiri, awe Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, anayeweza kukaa saa nne kwa kitu kama shilingi 500 na ushee za Kenya, kisha akarudia kesho na keshokutwa. Saa nne hazikutumika. Zilitumika labda dakika 15: maandishi yakamwagwa kwenye programu ya kutafsiri, yakanakiliwa, yakatumwa. Huenda muuzaji anakijua Kiswahili vizuri sana, ila bei haikumwachia nafasi ya kukitumia.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha ni wapi dola 5 ni bei halali kabisa. Kuondoa mandharinyuma ya picha moja ya bidhaa huchukua dakika tano kwa mtu aliyezoea. Kuchapa orodha ya bei kutoka kwenye picha na kuipanga kwenye jedwali huchukua nusu saa. Kuchora nembo tangu karatasi tupu, kwa mapendekezo mawili na marekebisho, ni kazi ya siku moja au mbili, hivyo nembo ya dola 5 ni kiolezo kilichobadilishwa jina la duka. Hatumshangai fundi cherehani anayepunguza suruali kwa bei ya chai na chapati mbili, lakini angetutangazia kwamba anashona suti nzima kwa bei hiyo, tungemwuliza kitambaa amekitoa wapi.

Ikiwa hujui kazi yako inahitaji muda gani, waandikie wauzaji watatu wa bei tofauti, uwaulize swali hilo moja tu: itakuchukua saa ngapi za kazi? Usiulize siku ngapi, kwa kuwa siku za kukabidhi ni foleni, si kazi. Anayejua ufundi wake hujibu kwa tarakimu, na mara nyingi hujibu kwa swali lingine, kama vile kutaka kuona faili kwanza. Asiyejua hujibu kwamba kila kitu kinawezekana na kwamba kuridhika kwako ndiko furaha yake.

Chunguza bei hiyo imeshushwa na nini

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kinachotokea mnunuzi anaposhindwa kutofautisha gari zima na bovu. Mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zima, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima, akiona bei hiyo haimfai, huliondoa sokoni. Yanabaki mabovu mengi zaidi, na bei hushuka tena. Maelezo hayo yalimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001, na yanalieleza soko la huduma mtandaoni vizuri kuliko matangazo ya majukwaa yenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye ukurasa wenye wauzaji maelfu wa huduma moja vyote viwili hujitembeza, tena kwa picha na maneno yanayofanana.

Hata hivyo wazuri hawajaondoka wote, kwa sababu bei hushushwa na mambo mengi, na kazi ya mnunuzi ni kutambua ni jambo lipi hasa.

Yupo aliye mgeni sokoni lakini si mgeni katika ufundi. Hana nyota hata moja, na anajua kwamba bila nyota haonekani, basi hushusha bei ili apate oda zake tano za kwanza. Nchini Kenya serikali imekuwa ikiwafundisha vijana kazi za mtandaoni kupitia programu ya Ajira Digital, kwa hiyo wageni wa namna hiyo wapo daima, na miongoni mwao wamo walimu, wahasibu na wahariri waliofanya kazi hiyohiyo ofisini kwa miaka. Huyu ndiye ununuzi bora kuliko wote. Utamtambua kwa wasifu mfupi lakini mahususi: hasemi kwamba anafanya uandishi, tafsiri, nembo, tovuti na uingizaji wa data, bali anasema amehariri ripoti za kilimo na anaonyesha mbili. Tatizo ni kwamba bei yake hiyo haidumu, wala haipaswi kudumu. Akishapata nyota zake, ataipandisha.

Yupo anayeuza kwa bei ya chini kwa sababu ya mahali anapoishi. Dola 6 kwa saa haikidhi kodi ya chumba London, lakini Kisumu au Mbeya mtu hupanga maisha nayo. Hapa bei haina habari yoyote kuhusu ubora, na mnunuzi wa Ulaya anayemkwepa muuzaji huyo kwa kudhani kwamba cha chini ni kibovu anajinyima mwenyewe.

Yupo mwenye bei ya chambo. Tangazo linasema dola 5, lakini ukifungua safu ya kifurushi cha kwanza unakuta nembo bila faili asilia, bila marekebisho, kwa picha ndogo isiyofaa kuchapishwa. Faili asilia ni dola 15 zaidi, marekebisho ni dola 10, haraka ni dola 20. Hakuna udanganyifu hapo, kwa maana kila kitu kimeandikwa. Linganisha tu jumla na jumla, usilinganishe chambo cha huyu na bei kamili ya yule.

Kisha yupo dalali, na huyu nataka nikae naye kidogo, kwa sababu ndiye anayewachanganya hata wanunuzi wazoefu. Akaunti ina mamia ya maoni mazuri, picha ya mtu anayetabasamu, majibu ya haraka saa zote za usiku na mchana. Oda ikiingia, hupewa kijana mwingine kwa nusu ya malipo au pungufu, na kijana huyo naye, kwa malipo hayo, hana budi kuimaliza kwa dakika chache. Nchini Kenya, hasa katika kazi za uandishi, akaunti zenye sifa nzuri huuzwa na kukodishwa chinichini ingawa majukwaa yanakataza, kwa hiyo nyota unazozihesabu ni za akaunti, si za mikono itakayoshika kazi yako. Dalili zake zinahesabika. Tazama oda zilizo kwenye foleni, ambazo Fiverr huzionyesha: mtu mmoja mwenye oda 40 anayeahidi kukabidhi kila moja kwa saa 24 ama hajalala tangu wiki iliyopita ama si mtu mmoja. Tazama lugha ya majibu yake asubuhi na jioni, kama ni ya mtu yuleyule. Muulize jambo dogo kuhusu sampuli mojawapo aliyoiweka, kwa mfano kwa nini alichagua rangi ile. Aliyeichora hukumbuka, dalali huomba muda.

Wa mwisho ni kanjanja mtupu, ambaye sampuli zake ni za wizi. Chukua picha ya sampuli yake uitafute mtandaoni kwa picha. Ikitokea kwenye ukurasa wa msanii mwingine wa nchi nyingine, funga mazungumzo bila kugombana naye.

Soma maoni kwa jicho la mhasibu

Wastani wa nyota karibu hauna kazi tena. Wanunuzi wengi hutoa tano kwa adabu, au kwa kuogopa ugomvi, au kwa sababu muuzaji amewasihi akieleza kwamba nyota nne zitamharibia riziki, jambo ambalo mara nyingi ni kweli. Matokeo yake 4.9 na 5.0 hazitofautishi fundi na mbabaishaji. Yenye maana ni mambo mengine manne au matano ambayo wengi huyapita.

Soma maneno, si nyota. Maoni yanayosema “kazi nzuri, nitarudi” hayana uzito. Yanayosema kwamba muuzaji aligundua kosa katika jedwali la mteja kabla ya kuanza yana uzito wa mengine hamsini. Tafuta wateja waliorudi mara ya pili na ya tatu, maana mtu huweza kutoa nyota kwa huruma lakini hatoi fedha tena kwa huruma. Angalia maoni hayo yalitokana na kazi za kiasi gani, kwa kuwa mara nyingi jukwaa huonyesha kiwango cha bei ya oda pamoja na muda uliotumika: aliyesifiwa mara mia kwa kazi za dola 5 hajathibitishwa bado kwa kazi ya dola 200. Angalia tarehe, akaunti iliyokuwa bora mwaka juzi na yenye malalamiko matatu ya mwezi huu huenda imebadilisha mmiliki. Na yale maoni mabaya machache, soma jinsi muuzaji alivyoyajibu. Anayemtukana mteja wake mbele ya watu atakutukana na wewe.

Kwa upande wa Upwork kuna kipimo kiitwacho Job Success Score, ambacho ni asilimia inayochanganya pia maoni ya siri ya wateja ambayo muuzaji hayaoni, kwa hiyo ni vigumu zaidi kukipamba. Mgeni hana kipimo hicho, na kukosa kwake si doa.

Andika maelekezo yanayoshikika

Hapa ni lazima nikiri kwamba kazi mbaya nyingi nilizoletewa na wateja wakilalamika zilikuwa zimeharibikia mikononi mwao kabla hazijamfikia muuzaji. Mtu huandika “nataka nembo nzuri ya kisasa” au “tafsiri hii kwa Kiswahili”, kisha hushangaa. Muuzaji wa bei ya chini hana muda wa kukuchimba mpaka ajue unachotaka. Kila swali analokuuliza ni dakika tano zinazotoka kwenye dola zake nne. Ukimwandikia vizuri unamrudishia dakika hizo, naye atazitumia kwenye kazi. Mnunuzi mwenye fedha kidogo ana njia hii ya kuongeza malipo bila kutoa senti.

Ujumbe wa namna hii unatosha: “Habari za kazi. Nina maelezo ya magodoro sita, jumla ya maneno 1,200, ya kutafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kinachotumika Tanzania. Wasomaji ni wanunuzi wa kawaida watakaoyasoma kwenye simu wakiwa dukani au nyumbani. Vipimo vibaki kama watu wanavyovitaja, yaani tano kwa sita, inchi nane. Kama unatumia programu ya kutafsiri kisha ukahariri, naomba unieleze mapema, tutapanga bei kulingana na hilo. Tuanze na aya moja niliyoiambatanisha, maneno 150, nitakayoilipia peke yake. Kuna lolote usiloelewa?” Sentensi ya kuhusu programu haikuwekwa ili kumtega. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu zinazoandika zenyewe zilipoenea, wauzaji wengi wa maandishi huzitumia, na kazi iliyohaririwa vizuri baada ya programu yaweza kuwa halali kwa bei ndogo. Ubaya ni kuilipia kama kazi ya mkono.

Jaribu kwa kipande kidogo, na ukilipie

Usiombe sampuli ya bure. Upwork inakataza wateja kudai kazi bila malipo, lakini hata pasipo katazo, anayejiheshimu atakukatalia, na watakaokubali ni wale ambao muda wao hauna mnunuzi. Toa kipande kilekile kwa wauzaji watatu, kwa dola 10 kila mmoja ikiwa kazi nzima itafika dola 100 au zaidi. Dola 30 hizo ni nyingi kwa kuzitazama, lakini ni ndogo ukikumbuka gharama ya kurudia kila kitu.

Kipande chenyewe kisiwe aya yoyote tu. Chagua penye neno lenye maana mbili, penye kipimo au tarakimu, na ikiwezekana uache kosa moja la wazi katika maandishi asilia. Nilipomsaidia yule mwenye duka kupata mtafsiri wa kudumu, aya ya majaribio ilikuwa na springi zile, ilikuwa na dhamana ya miaka mitano, na kichwa chake kilisema godoro ni sita kwa sita wakati maelezo ya chini yalisema tano kwa sita. Wa kwanza alirudisha kazi baada ya dakika 12. Chemchemi zilikuwa zinabubujika, na godoro “linakuja na dhamana”, ilhali kwa Kiswahili godoro haliji popote, lina dhamana tu. Wa pili aliandika springi na kuweka “lina dhamana ya miaka mitano”, lugha yake ikitiririka vizuri, ila alivipita vipimo viwili vinavyopingana kana kwamba hakuviona. Wa tatu hakurudisha chochote siku ile. Aliandika swali: kipi ni sahihi, sita kwa sita au tano kwa sita? Alipojibiwa alituma kazi kesho yake, yenye kosa dogo la upatanisho wa kisarufi katika sentensi moja, ambalo mhariri yeyote angelinyoosha. Bei yake ilikuwa ya kati, akaunti yake ilikuwa na maoni saba, na ndiye aliyepewa kazi, kwa kuwa upatanisho husahihishwa kwa kalamu lakini tabia ya kuuliza haifundishiki kwa wiki moja.

Ikiwa hujui lugha ya kazi unayoinunua, mlipe msomaji wa pili asome kipande hicho bila kumwambia kimetoka kwa nani. Kwa nembo, omba mchoro wa awali wa penseli kabla ya rangi. Kwa kazi ya tovuti au programu, toa hitilafu moja ndogo irekebishwe, kisha uulize ilisababishwa na nini. Maelezo yake yatakuonyesha mengi kuliko marekebisho yenyewe.

Siku ya kupokea kazi, usilale

Majukwaa haya hushikilia fedha zako mpaka ukubali kazi, na huo ndio ulinzi wako mkubwa, lakini una saa yake. Kwenye Fiverr, ukikabidhiwa kazi na usiseme lolote kwa siku 3, oda hujifunga yenyewe kama iliyokubaliwa. Kwenye mikataba ya bei maalumu ya Upwork, ukinyamaza siku 14 baada ya muuzaji kuwasilisha kazi na kuomba malipo, fedha humfikia. Wapo wauzaji wanaokabidhi kazi nusu ili wawahi tarehe, wakitumaini kwamba mnunuzi yuko safarini. Fungua faili siku ileile. Kwa mikataba ya saa, Upwork huweka picha za kioo cha kompyuta ya muuzaji takriban kila dakika kumi. Zipo kwa ajili yako, zitazame.

Kwa nembo, kosa linalowauma wengi hujitokeza kwa fundi wa mabango. Nililipata mimi mwenyewe: nilipeleka picha iliyopendeza sana kwenye simu, fundi akaikuza kufikia upana wa mita mbili, kingo za herufi zikageuka ngazi za vigae vidogovidogo, akaniuliza kwa upole kama sina faili ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kingo kuharibika. Sikuwa nayo, na oda nilikuwa nimekwisha kuifunga. Faili ya vekta huwa ya SVG, AI, EPS au PDF. Lakini hata PDF huweza kuwa na picha ya kawaida iliyofichwa ndani yake, kwa hiyo ikuze hadi asilimia 800 utazame kingo. Zikibaki laini, ni yenyewe. Kisha itafute nembo hiyo kwa picha mtandaoni, usije ukakuta saluni ya mji mwingine inaitumia.

Maandishi yasome kwa sauti, kwa kuwa sikio la Mswahili hukamata kinachopita machoni. Ukiomba marekebisho, taja ukurasa na mstari na useme unataka nini badala yake. “Sijapendezwa” si maelekezo. Na ukishawishiwa mlipane pembeni kwa simu ili kukwepa makato, kataa hata kama makato yenyewe yanakuudhi. Ukilipa pembeni hakuna anayeshikilia fedha zako, na muuzaji akikamatwa huweza kupoteza akaunti.

Ukimpata mzuri, mpandishie bei kabla hajakuomba. Si ukarimu. Aliyefanya kazi bora kwa dola 10 anajua, na wateja wengine wanajua, na muda wake utakwenda kwa atakayeununua. Ukitangulia kumpa 15, unabaki mbele ya foleni yake.

Kuna kazi ambazo sizipeleki kabisa kwenye bei ya chini, hata baada ya majaribio yote haya: mikataba, maelezo ya matumizi ya dawa, na lolote linalohitaji nimpe mtu nywila ya akaunti ya biashara. Kosa lake halionekani siku ya kupokea.

Yule mwenye duka la magodoro bado ana mawasiliano na muuzaji wake wa kwanza, yule wa chemchemi 800. Kila bei zinapobadilika humtumia picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono na msimamizi wa ghala, naye huzichapa kwenye jedwali, saizi, unene na shilingi, safu kwa safu. Humlipa dola 5, na hadi sasa hajakosea hata tarakimu moja.